Kipimo cha Franck

Inspekta Kadidja Mahmoudi alikuwa amevipanga vipande vya mshale juu ya gazeti kuukuu, ncha ikielekea dirishani na manyoya yakimwelekea yeye, na tangu asubuhi alikuwa akizozana navyo kimyakimya. Kipande kimoja kilikuwa bado na damu iliyokauka. Hicho ndicho daktari alichokitoa shingoni mwa Franck, kijana wa karibu miaka kumi na minane, aliyekufa Jumamosi iliyopita kwenye uwanja wa kulenga shabaha, njia ya Bengamisa, mbele ya baba yake na klabu nzima. Alivuta upinde wake mwenyewe, akaachia, mshale ukapasuka mikononi mwake.

"Chef, hii dossier imekwisha," alisema Ruphin kutoka mlangoni. "Magistrat anaingojea leo, kabla bafunge bureau."

Ruphin alikuwa msaidizi wake, mwepesi wa kukamata na mwepesi zaidi wa kuchoka. Yeye ndiye aliyemtia ndani Jephté, na tusimwonee, alikuwa na sababu. Jephté na Franck walikuwa marafiki tangu wangali wanapangusana kamasi. Wote wawili walikuwa wakiigombea nafasi moja iliyobaki kwenye timu ya kwenda Kinshasa. Asubuhi ya kifo, Jephté ndiye aliyelibeba podo la mishale ya Franck. Na watu walipokuwa wakimpakia majeruhi kwenye pikipiki, Jephté alilichukua podo lile, akakimbia nalo mpaka daraja la Tshopo, akaimwaga mishale yote iliyobaki majini. Wanawake waliokuwa wakifua nguo walimwona. Alipoulizwa kwa nini, alifunga mdomo, na mpaka leo hajaufungua.

"Rafiki gani anatupa mishale ya marehemu kwa mayi?" Ruphin aliendelea. "Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako."

"Wazee hawatasaini procès-verbal, Ruphin. Nitasaini mi. Leta mètre."

Ruphin alileta utepe wa fundi cherehani. Kadidja aliviunganisha vipande, akapima. Sentimita sabini. Yeye hakuwa mtu wa upinde, lakini wiki hii alikuwa amehoji klabu nzima na kujifunza jambo moja ambalo hata mgeni wa uwanjani hulielewa: ukivuta mpaka mwisho, ncha ya mshale lazima ibaki mbele ya upinde. Mshale ukiwa mfupi, ncha inarudi ndani, inadondoka nyuma ya mshikio na kunasa hapo. Ukiachia ugwe, mshale hauna pa kwenda. Unajikunja, unapasuka, na vipande vinaruka vinakotaka.

"Donc ni mufupi," alisema Ruphin. "Jephté aliukata. Aliikata yote, kisha akatupa ile ingine ili tusione."

Hilo lilikuwa wazo zuri, na Kadidja alilala nalo siku mbili. Lakini sasa alikigeuza kile kipande chenye ncha, akakisogeza kwenye mwanga. Chini ya chuma kulikuwa na uzi mwekundu uliozungushwa kwa subira, mzunguko juu ya mzunguko, na juu yake vanishi iliyokauka ikawa ngumu na safi. Ndani ya vanishi kulikuwa na herufi ndogo za jina la Franck. Huo ulikuwa mkono wa baba yake, Papa Ambroise, ambaye hakuna mshale wa klabu ile usiopita kwake.

"Tazama hapa. Mutu akitaka kukata mushale, anakata upande gani?"

"Upande wa mbele. Nyuma kuko manyoya."

"Basi lazima atoe chuma. Na uzi. Na vernis. Hapa iko alama ya kisu?"

Ruphin aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa damu. "Hakuna."

"Hakuna. Huu mushale ulitoka kwa Papa Ambroise ukiwa hivi."

Akalivuta daftari. Papa Ambroise mwenyewe ndiye aliyelileta Jumanne, siku iliyofuata mazishi, limefungwa kwenye plastiki, akadai apewe karatasi ya kuthibitisha kwamba amelikabidhi. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla, mtu wa Butembo, maharagwe na vitunguu vyake vikijulikana soko zima. Lakini pinde ndizo zilizokuwa pumzi yake. Kila mwanachama wa klabu alikuwa na kurasa zake humo. Mtu ana urefu gani, na mikono yake ikinyooshwa ina upana gani. Ugwe umesokotwa kwa nyuzi ngapi. Kati ya ugwe na mshikio kuna nafasi gani. Upinde ni mzito kiasi gani kuuvuta. Mvua ikinyesha aliandika kwamba ugwe umelegea na ameusokota tena. Jua likiwaka aliandika pia. Kadidja alikuwa amelisoma lote, na ukurasa wa Franck alikuwa ameusoma mara nyingi kuliko kurasa nyingine.

Mshale: sabini. Iliandikwa wazi, ikapigiwa mstari.

"Alors mushale iko sawa na carnet," alisema Ruphin, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungukiwa na kujiamini.

"Iko sawa kabisa. Na mutoto amekufa."

Kadidja alishusha macho kwenye ukurasa mpaka mstari wa mwisho, ulioandikwa asubuhi ileile ya Jumamosi. *Franck hafiki kidevuni. Anavuta nusu nusu tu. Uvivu wa Yangambi huu! Nimwambie avute yote.* Mara ya kwanza alipousoma alitabasamu, maana hata baba mzazi wa Kadidja alikuwa akimsema yeye hivyo, kwa upendo uliojificha kwenye kelele. Safari hii hakutabasamu. Alirudi juu ya ukurasa, kwenye tarehe ya kipimo cha mshale. Franck alikuwa na miaka kumi na mitano. Ilikuwa kabla hajapanda boti kwenda Yangambi kumalizia masomo kwa mjomba wake, na alikuwa amerudi Kisangani mwezi uliopita tu.

"Ruphin, mwili wa Franck nani aliupima?"

"Docteur."

"Docteur alipima kidonda. Mi nauliza urefu."

Ruphin alipandisha mabega. Kadidja alikuwa tayari ameshika mkoba. Mtu akifa, kuna mmoja tu ambaye lazima aujue urefu wake, naye si daktari wala padri.

*

Daudi seremala alikuwa na karakana yake karibu na chumba cha maiti, Mwislamu aliyewatengenezea Wakristo majeneza kwa miaka mingi hata wakawa wanamtania kwamba siku ya kiyama ataitwa na pande zote mbili. Alimfahamu Kadidja tangu akiwa binti mdogo wa kusoma chuoni.

"Mwana Mahmoudi! Karibu. Kwako si mambo ya sanduku, sivyo?"

"Salama, tonton Daudi. Nimekuja juu ya Franck. Unakumbuka vipimo vyake?"

Mzee aliacha kupiga randa. Aliweka randa chini, akapangusa mikono kwenye kikoi. Jicho lake lilikimbilia pembeni, na Kadidja akalifuata. Nyuma ya mbao za libuyu lilisimamishwa jeneza, limekwisha kupigwa rangi, kitambaa cheupe kimepigiliwa ndani kwa uangalifu mkubwa.

"Ile ni ya nani?"

"Ni ya Franck."

"Franck amezikwa Jumatatu, tonton."

"Amezikwa na ya pili. Hii ni ya kwanza." Daudi alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu isipokuwa kuku. "Papa Ambroise alikuya hapa Jumamosi, macho mekundu, na ile carnet yake mukononi. Akanisomea vipimo. Mi nikamwambia, papa, acha niende nipime mwenyewe, ndiyo kazi yangu. Akakasirika. Akasema, mutoto wangu mi ndiye naandika vipimo vyake tangu iko mudogo, hakuna mutu wa kuvijua kunipita. Utabishana na mutu mwenye kufiwa? Nikatengeneza."

"Kisha?"

"Kule morgue, miguu ilikataa kuingia."

Kadidja alilitazama lile jeneza fupi, na moyo ukamuuma wazi, bila kificho, kama unavyomuuma mtu yeyote.

"Papa Ambroise aliona?"

"Hapana, asante Mungu. Alikuwa inje na bamama wa paroisse. Alikuwa pale Jephté. Aliangalia, akafunika mwili na kitambaa, akakimbia mpaka kwangu. Tonton, fanya ingine, sasa hivi, na papa asijue. Alikamata randa, tukafanya pamoja, analia juu ya mbao mpaka nikamwambia asogee, mbao zitalowa. Tukaweka kitambaa sawasawa na kile cha kwanza. Ni yule kijana munamushika, sivyo?"

"Ni yeye."

"Basi munashika mutu gani, Kadidja?"

Kadidja aliuchukua mkoba wake, akatoka.

*

Jephté alikuwa amekaa chini kwenye selo, mgongo ukutani, bila mkanda wala kamba za viatu. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye mabega ya mtu aliyevuta upinde maisha yake yote. Kadidja alimwondoa Ruphin, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Nimetoka kwa tonton Daudi," alimwambia. "Nimeona sanduku ya kwanza."

Kijana alifumba macho.

"Ile mishale hukuikata. Uliitupa ili Papa Ambroise asiipime. Ni hivyo?"

Jephté aliugeuzia uso ukutani.

"Jephté, sasa hivi magistrat anangoja dossier. Imeandikwa assassinat, kuua kwa makusudi. Ukiingia prison na lile neno, nani atakumbuka kukutoa?"

"Maman Inspecteur, mi naomba." Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika. "Munitume tu prison."

"Franck alijua mishale ni mifupi?"

Akaanza kusema, macho yakiwa sakafuni. "Siku ya kwanza. Alivuta, ncha ikarudi mpaka kwa kidole. Akacheka. Akasema, Papa alifanya hii mishale mwaka muzima, kila jioni, juu ya kurudi kwangu. Ona uzi, ona vernis. Nitamwambia namna gani haifae? Mi nikamwambia, mwambie tu. Akakataa. Akasema atakuwa anavuta nusu, mpaka papa atengeneze ingine yee mwenyewe. Alikuwa na yake ya Yangambi, mirefu. Akaificha."

"Na Jumamosi?"

Jephté alikumbatia magoti. "Papa alikuwa nyuma na carnet. Alimusumbua tangu asubuhi. Vuta yote, Franck! Vuta yote, umekuwa muvivu? Batu wakacheka. Franck akaniangalia. Nilitingisha kichwa, hivi, nikimwambia hapana. Akaona aibu, baba yake analalamika mbele ya batu. Akavuta yote."

Nje, mtu wa toleka alipita akipiga kengele ya baiskeli yake, na mahali fulani mwanamke aliita wanunuzi wa majani ya pondu. Mji ulikuwa ukiendelea na mambo yake.

"Mama yake alishakufa," alisema Jephté. "Papa alikuwa na ule mutoto moja tu. Prison, batu banatokaka, Maman. Ile ingine, ya kujua ni wewe uliua mutoto wako, mutu hatokake."

Katika miaka yote ya kazi, Kadidja alikuwa amesikia watu wakiomba wasifungwe. Hakuwahi kusikia mtu akiomba kufungwa ili mzee mmoja apate usingizi. Alitaka kumwambia kwamba ni mjinga. Badala yake alimwambia anywe maji, akatoka.

*

Papa Ambroise alikuwa akimngoja ofisini. Alikuwa mtu mfupi, mnene kidogo, na suti nyeusi ya matanga ilikuwa imemlegea katika siku hizi chache. Chini ya kwapa alibeba kitu kirefu kilichofungwa kwenye gunia la vitunguu. Ruphin alikuwa amempa kiti, lakini alisimama.

"Inspecteur, niambie tu. Jephté anaenda parquet kwa magistrat leo?"

"Keti kwanza, Papa."

"Sitaketi. Ule mutoto alikula kwa meza yangu. Mama wa Franck alimupikia kabla hajamupikia Franck. Nilimufundisha upinde na hii mikono. Mi nataka kumuona anapanda jeep." Alivuta pumzi. "Na nimeleta kitu. Preuve, ushahidi. Nilikuwa natoa vitu vya Franck, nikaikuta chini ya kitanda. Ni Jephté aliificha, nani mwingine?"

Alifungua gunia. Mishale ikaviringika juu ya meza. Ilikuwa mirefu, mingine imepinda kidogo, manyoya yake ya kuku hayakulingana. Ruphin alinyoosha mkono auguse mmoja, Kadidja akamzuia kwa jicho.

Hapo ndipo angeweza kusema lolote. Angeweza kusema asante, Papa, tutaichunguza, akaiweka kabatini na kuisaini ile dossier. Mzee angerudi nyumbani na chuki, na chuki humshika mtu akasimama. Lakini mlango wa selo ulikuwa hatua chache kutoka pale, na nyuma yake alikuwepo mtoto wa mtu.

"Papa," alisema taratibu, "wewe ndiye fundi, mi sijui. Unisomee hii. Nani aliitengeneza?"

Mzee aliukamata mshale mmoja kwa dharau. "Mutu wa haraka. Manyoya mabaya. Ona, hata vernis..." Kidole gumba chake kilikuwa kimefika kwenye uzi chini ya ncha. Kilisimama. Kilizunguka uzi, kikarudi. "Huu mufungo ni wa kwangu."

"Ni wa kwako?"

"Ninaufundisha. Mutu anaanza kushoto, anarudi chini ya uzi, anaficha ncha yake. Jephté hakuweza hata siku moja, alikuwa anaacha kinundu. Mutu moja tu aliweza." Hakulitaja jina. "Lakini Franck hawezi kufanya mushale murefu namna hii. Kipimo chake nakijua."

Kadidja aliinama mezani. Aliusogeza ule mshale wa Yangambi kando ya vipande vilivyolala juu ya gazeti, akalinganisha nyuma kwa nyuma. Mbele, ule wa Franck ulipita ule wa baba yake kwa zaidi ya upana wa kiganja.

Papa Ambroise alitazama. Akalivuta daftari lake, ambalo sasa lilikuwa kielelezo cha serikali na hakutakiwa kuligusa, na hakuna aliyemkataza. Aliufikia ukurasa bila kutafuta. Alisoma sabini, akasoma tarehe, midomo ikitembea. Kisha macho yake yakashuka mpaka kwenye mstari wa mwisho, na Kadidja akamwona anaelewa.

"Aliporudi," alisema mzee, "pale kwa beach, anashuka boti, bamama ba soko banasema, Ambroise, mutoto amekuwa murefu! Nikacheka. Nikasema ndiyo, amekuwa murefu. Nilisema na kinywa changu." Akaketi, hatimaye. "Nilisema avute yote. Inspecteur, ulisikia? Mi ndiye nilisema avute yote."

"Mbele ya sheria ni accident, Papa. Hakuna mutu—"

"Alijua?"

Ruphin aliangalia dirishani. Kadidja alilitamani jibu jingine, akalitafuta kweli, asilipate.

"Alijua. Hakutaka kukuumiza. Ulifanya ile mishale mwaka muzima."

Mzee alilia hapo kwa sauti, bila kuufunika uso, na Ruphin, aliyekuwa mwepesi wa kuchoka, alipiga magoti akamshika miguu kama mtoto wake. Walikaa hivyo muda mrefu. Simu ya magistrat iliita mezani, ikaacha, ikaita tena, na hakuna aliyeipokea.

Kilio kilipopungua, Papa Ambroise aliinua kichwa. "Na ule mwingine," aliuliza. "Alinyamaza juu yangu?"

"Juu yako."

"Mumulete."

Ruphin alifungua selo. Jephté alitoka akishikilia suruali kwa mkono, viatu vikimtoka miguuni. Alipoiona mishale mirefu mezani alielewa, akasimama pale pale mlangoni, akaanza kusema, "Papa, pardon, Papa," kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Mzee aliinuka. Aliuchukua utepe wa fundi cherehani juu ya gazeti, akaukunjua.

"Acha suruali," alisema. "Nyoosha mikono."

Jephté alinyoosha mikono yote miwili, huku na huku, kama walivyozoea uwanjani tangu wadogo. Papa Ambroise aliweka mwanzo wa utepe kwenye kidole cha mkono wa kushoto, akampa Kadidja aushike, akautembeza taratibu kifuani mwa kijana mpaka kwenye kidole cha kulia. Utepe ulimponyoka, akarudia kutoka mwanzo. Alisoma namba kwa sauti. Kisha akalifungua daftari kwenye ukurasa wa Jephté, akaitazama namba ya zamani, akaomba kalamu, akaikata namba ile na kuandika mpya.

"Umekua, mwana wangu," alisema. "Wewe pia umekua, na mi sikuangalia."